Karatasi ya Mwisho ya Kile cha Ngazi

Kaka alikufa akiwa na lenzi jichoni. Mteja aliyesimama dirishani alidhani fundi anaichunguza saa yake kwa makini, akasubiri. Mimi nilikuwa nyuma nikikata mkanda wa saa nyingine, na nilidhani hivyo hivyo. Tulisubiri wote wawili, labda dakika tatu, labda nne. Duka lina saa thelathini ukutani na hatukuangalia hata moja.

Hiyo ni miezi mitano sasa. Nafungua duka saa mbili asubuhi kama alivyofungua yeye. Nabadilisha betri, nafunga mikanda, natia pini. Saa inayotaka kufunguliwa tumbo nairudisha kwa mwenyewe, namwambia fundi hayupo. Wapya wanauliza atarudi lini. Nawaambia sijui, kisha naona nimesema jambo la ajabu, lakini wameshaondoka.

Sijalia. Watu wanafikiri najikaza. Mama alimwambia shangazi, mimi nikiwa hapo hapo nachambua mchele, "Huyu mtoto amekuwa gogo." Shangazi akasema, "Mwache, litakuja." Nikaendelea na mchele. Sikuona kinachokuja.

Nyuma ya mlango wa duka kuna kabati, na ndani yake kuna vitabu arobaini na kimoja. Ni vya upelelezi, vya zamani, vya karatasi rahisi inayogeuka rangi ya chai, vilivyotafsiriwa enzi ambazo jina la mtafsiri halikuandikwa popote. Usifikirie polisi wenye sare na ving'ora. Mle mpelelezi ni mtu mmoja, amepanga chumba akakiita ofisi, ana koti moja na rafiki mmoja, na huyo rafiki ndiye anayekufa ukurasa wa kumi. Mpelelezi anapigwa, anaamka, ananawa uso, anaenda kuuliza maswali. Kila mtu anamdanganya, na aliyemwajiri ndiye anayemdanganya kuliko wote. Jibu akilipata halimfai kitu. Analala na viatu. Kaka aliviita vitabu vikavu, na wasomaji wake nao wakaviita hivyo. Mtu alikuwa anaingia kuweka betri, anasema, "Fundi, nipe kikavu," kama anaomba mkate.

Majalada yalishaisha zamani, kaka akavivalisha vyote karatasi ya kaki. Majina yao halisi hakuna anayeyajua tena. Kuna Kile cha Kiwiko, Kile cha Glavu, Kile cha Mbwa Aliyenyamaza, na kuna Kile Kibaya, ambacho kila mtu amekisoma.

Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza, ukimaliza kitabu unaandika ndani ya ile kaki neno kwa msomaji atakayekuja, ila huruhusiwi kuandika "kizuri". Kaka alisema kizuri ni neno la mtu ambaye hakusoma. Uandike kinamfaa nani. Ndiyo maana ukifunua unakuta: *Kwa aliyegombana na shemeji yake. Kwa mtu anayeumwa jino, atasahau. Usimpe mwenye ndoa mpya.*

Ya pili ndiyo iliyowashangaza wageni. Kila kitabu kilikuwa kimekatwa karatasi ya mwisho kwa wembe. Karatasi hizo zilikaa kwenye kopo la biskuti chini ya meza, na chini kabisa ya kopo kaka alitandika makaratasi mengine yaliyokunjwa, nilidhani ni kwa ajili ya unyevu. Ukifika mwisho wa kitabu unarudi dukani, unasimama dirishani, unamwambia fundi unadhani ni nani aliyeua. Ukikosea si kitu, muhimu ni kusema. Ndipo anakupa karatasi, unaisoma pale pale mbele yake, unarudisha. Nimewaona watu wazima wakipiga dirisha kwa ngumi. Nimemwona mmoja akiondoka bila kusema kwaheri.

Mimi sikuwa msomaji. Niliishia darasa la saba na nasoma kwa kidole. Kwa miaka miwili kaka aliniwekea kitabu kimoja, akakataa kumpa mtu mwingine yeyote. "Hicho kina mwenyewe," alikuwa anawaambia. Mimi namwambia kesho. Baada ya mazishi nilikikuta kwenye droo ya vibanio, na kipande cha karatasi juu yake: *Mdogo wangu. Ukimaliza niambie nani.*

Kiliitwa Kile cha Ngazi.

Kilinichukua miezi mitatu, hapo dirishani, kati ya betri na betri. Mpelelezi ana ofisi ghorofa ya nne, na lifti imekufa. Rafiki yake ni fundi wa taipureta mwenye chumba ghorofa hiyo hiyo. Siku moja fundi huyo anakutwa chini ya ngazi, shingo imevunjika. Mpelelezi anazunguka mji mzima. Kuna mwenye kiwanda, kuna mke wa mwenye kiwanda, kuna askari mnene anayekula njugu. Anapigwa mara tatu. Mwishoni anapanda ngazi kurudi ofisini, anafika ghorofa ya tatu, anasikia mtu anawasha kiberiti ndani ya chumba chake. Na ukurasa unaishia hivi: *Sikuhitaji kushika kitasa. Nilijua ni nani. Nilijua kwa jinsi*

Basi. Kwa jinsi.

Nilifungua kopo. Nilitoa karatasi moja moja na kuzilinganisha na vitabu, namba ya ukurasa kwa namba ya ukurasa, siku mbili nzima. Karatasi arobaini, vitabu arobaini na kimoja. Ya Kile cha Ngazi haikuwemo.

Sikuitaka ile karatasi kama mtu mwenye njaa anavyotaka chakula. Niliitaka kama mtu aliyetoka nyumbani anavyotaka kujua kama amefunga mlango. Kaka aliniachia jambo moja tu la kufanya, nalo ni kumwambia nani. Wa kumwambia hayupo, sawa. Lakini angalau nimjue huyo nani.

Ndani ya kaki ya kitabu kulikuwa na majina matatu tu, kwa miaka yote: Mkunga, Karani, Bucha. Hakuna aliyeandika neno la kumfaa mtu. Majina matupu. Nikafunga duka saa nne asubuhi, nikaenda kuuliza maswali.

Nilianza na Bucha kwa sababu yuko karibu. Ni mtu mkubwa, na kila mwanamke kwake ni shemeji.

"Shemeji! Leo nikukatie wapi? Mbavu?"

"Sitaki nyama. Nataka karatasi."

"Karatasi ninayo, ila ni ya kufungia nyama."

"Ya Kile cha Ngazi."

Kisu kikasimama juu ya mfupa. Nilikiona. Mimi huwa naona mikono kabla ya nyuso, ni mazoea ya dukani.

"Kile sikukimaliza," akasema.

"Jina lako limo."

"Jina langu limo hata kwenye orodha ya waliofeli hesabu. Shemeji, sikiliza, achana na Ngazi. Wewe chukua Kile cha Kiwiko. Hicho ndicho kitabu! Jamaa anavunjwa kiwiko mwanzoni kabisa, anapeleleza kwa mkono mmoja mpaka mwisho. Kuvaa soksi tu ni sura nzima. Nilikisoma mke wangu aliponinunia wiki tatu, nikaona kumbe mimi nina nafuu."

"Nyama yangu, jamani," akasema mama mmoja nyuma yangu. "Tunangoja hapa nyie mnaongelea viwiko."

Karani anaishi nyuma ya ofisi ya posta. Alifanya kazi mahakamani mpaka akastaafu, na bado anavaa tai akiwa nyumbani na kandambili. Nilimkuta barazani anakata kucha za miguu.

"Mwanangu," akasema, "swali lako lina maswali mawili ndani yake. Je, karatasi ilikuwepo? Na kama ilikuwepo, ilikuwa mikononi mwa nani?"

"Ilikuwa mikononi mwa nani?"

"Ninachoweza kusema ni kwamba kilichorudishwa kilirudishwa."

"Wewe ulirudisha?"

"Nilichopaswa kutoa nilikitoa." Akapuliza ukucha kwenye kiganja. "Umesoma Kile cha Glavu? Msomaji mvumilivu kama wewe kingemfaa sana. Mashahidi kumi na wawili, wote waongo, na kila mmoja uongo wake ni nadhifu. Hapana haraka mle."

"Bucha anasema hakumaliza."

Karani akanitazama kwanza, kisha akatazama ndala zake. "Bucha," akasema taratibu, "ndiye aliyekuwa wa mwisho kukisoma. Hilo naweza kulithibitisha."

Nilishasoma kitabu kimoja na nilijua mambo yanavyokwenda. Mmoja anakana, mwingine anamnyooshea kidole kwa pembeni, na mkono uliosimama juu ya mfupa nimeuona kwa macho yangu. Nikarudi buchani. Kulikuwa na watu sita kwenye foleni. Sikupaza sauti, huwa siwezi, lakini duka ni la vigae na kila neno linasikika.

"Umechukua karatasi ya kaka yangu," nikamwambia. "Umefungia watu maini. Alikuwa anakusubiri urudishe na amekufa anakusubiri."

Bucha alifuta kisu kwenye aproni, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Sawa, shemeji," akasema.

Nilitoka. Nilitazamia kusikia kitu, hasira au aibu, chochote. Nilisikia miguu yangu inatembea. Nilipita mbele ya duka la viatu na nikahesabu kwamba kiatu kimoja dirishani hakina mwenzake.

Kesho yake Mkunga alikuja. Amestaafu hospitali siku nyingi lakini bado anabandika saa kifuani, ile inayoning'inia kichwa chini ili muuguzi aisome akiwa ameinama. Aliitoa, akaiweka kwenye meza.

"Betri," akasema. "Na umemtukana Bucha."

"Nimesema ukweli."

"Umesema kama wale wa kwenye vitabu. Na wale huwa wanakosea ukurasa wa mia, binti yangu, ndiyo maana vitabu vina kurasa mia mbili." Akavuta kigoda cha wateja, akakaa. "Ile karatasi haipo."

"Najua haipo. Nimehesabu."

"Haijawahi kuwepo. Hebu weka hiyo saa chini unisikilize. Kaka yako alipolipanga duka hili alikuta kitabu kimoja kwenye droo, kimeachwa na aliyetangulia. Hakina jalada, hakina mwisho. Mimi nilikuwa mteja wake wa kwanza. Nilisubiri saa yangu, nikaomba cha kusoma, akanipa kile, hakusema lolote. Wiki ya pili nimerudi hapa nafoka. Fundi, mwisho uko wapi? Aliona haya! Alikuwa kijana, macho yote chini. Akasema, kwanza niambie wewe unadhani ni nani, halafu nitakupa. Nikamwambia. Akasema, basi andika. Nikaandika. Akasema, ndio huo mwisho."

"Na vingine?"

"Vingine alivinunua baadaye, vizima. Akavikata vyote kwa wembe, ili kile kisionekane kilema peke yake."

Nilikuwa na kifuniko cha saa yake mkononi. Nilikiweka chini.

"Kile cha Ngazi hakumpa kila mtu," akaendelea. "Mimi, Karani, Bucha. Tulimwahidi kwamba anayefuata hatutamwambia, mpaka afike mwenyewe. Na anayefuata alikuwa wewe. Ndiyo maana Karani aliongea kama wakili na Bucha akala matusi yako akanyamaza. Hakuiba kitu. Alitunza ahadi."

"Mlichoandika kiko wapi?"

Mkunga akacheka kidogo kupitia puani. "Fundi alisema huyu mdogo wangu hapitwi na kitu. Kopo, binti yangu. Chini."

Yale makaratasi ya unyevu. Nilikuwa nimeyaona kila siku kwa miezi mitano.

Tuliyakunjua mezani. La Bucha lilikuwa na mistari minne na doa: *Ni mke wa mwenye kiwanda. Mpelelezi anamwambia kaa. Anamkaangia mayai. Asubuhi anampeleka polisi, ila mayai walikula.* La Karani lilikuwa na kurasa tano, limesikiliza pande zote mbili, na mwisho limeahirisha shauri. La Mkunga lilikuwa limechakaa kwenye mikunjo.

*Fundi wa taipureta hakuuawa na mtu. Alikuwa mgonjwa. Tangu ukurasa wa nne anashika ukuta akipanda ngazi, na mpelelezi yuko nyuma yake anamsimulia habari za mvua. Aliye ofisini ni daktari. Amekuja kumwambia.*

Nilifungua kitabu ukurasa wa nne, nikaweka kidole. Ilikuwa kweli. *Akashika ukuta, akangoja, akasema leo ngazi zimeongezeka.* Nilikuwa nimeipita kama utani.

Kaka naye alikuwa anasimama. Kila asubuhi, akishafungua mlango, kabla ya kufika kwenye kigoda chake, alikuwa anasimama hapo nyuma ya mlango, mkono mmoja juu ya kabati, kichwa kimeinama. Ilianza wakati wa mvua. Nilimwona. Nilimwona kila siku, nami nikakaa kimya nisimsumbue.

"Nilidhani anasikiliza saa," nikasema.

Mkunga alilitazama kabati. Saa zote thelathini zilikuwa zinafanya kelele zao.

"Mimi nilikuwa napita hapa kila Jumatano," akasema. "Miaka thelathini na mbili wodini. Nilidhani anasikiliza saa."

Nikatia betri, nikafunga kifuniko; akanyoosha mkono, nikampa saa yake. Aliibandika kifuani, akaitazama kichwa chini, akasema inakwenda. Mlangoni aligeuka.

"Bado hujamwambia nani," akasema, akaondoka.

Nilikaa na karatasi nyeupe siku mbili. Si kwamba nilikuwa nafikiri. Nilikuwa nabadilisha betri na karatasi iko pale. Siku ya tatu, mchana, hakukuwa na mteja, nikachukua kalamu ya kaka, ile nyembamba ya kuandikia namba kwenye vibandiko, nikaendeleza pale kitabu kilipoishia.

*alivyovunja kijiti cha kwanza cha kiberiti. Jirani yangu huvunja kijiti cha kwanza siku zote. Alikuwa amekuja kuazima sukari, akakuta mlango wazi. Nikampa sukari, akaenda. Hakuna aliyekuwa ananingoja. Nani: hakuna. Mimi nilikuwepo, na askari alikuwepo, na watu wote wa ngazi ile. Nikaingia chumba cha rafiki yangu. Kulikuwa na taipureta ya mtu, imefunguliwa nusu. Nikakaa kwenye kiti chake. Sijui kazi ile. Nikaanza na skrubu iliyokuwa karibu.*

Nikaisoma kwa kidole mpaka mwisho. Nikasema, "Hakuna, kaka," kwa sauti ya kawaida, kuelekea dirishani. Mtu aliyekuwa anapita akasimama akauliza kama namwita yeye. Nikamwambia hapana.

Kisha nikafunga duka, nikaenda buchani na ile karatasi. Foleni ilikuwa ya watu watatu. Nilisimama nyuma yao, nikafika, nikasema mbele yao wote, kwa sauti ile ile ya siku ile, "Nilikosea. Hukuchukua kitu. Nakuomba radhi." Kisha nikampa karatasi.

Bucha alifuta mikono lakini haikufutika vizuri. Alisoma midomo ikicheza. Wateja walingoja. Mmoja alijaribu kuchungulia, Bucha akamgeuzia bega.

"Hakumkaangia jirani hata mayai?" akauliza.

"Hapana."

"Sukari tu?"

"Sukari tu."

Akaisoma tena mwisho. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonja kitu.

"Hii ni kavu, shemeji," akasema. "Hii imekauka kabisa." Akanirudishia, na kidole gumba chake kilikuwa kimeacha alama pembeni. "Sasa kachukue Kile cha Kiwiko. Na ukimaliza uje uniambie nani, maana mimi sikumjua mpaka nilipopewa karatasi, na Fundi alinicheka mwezi mzima."

Niliporudi niliitia karatasi yangu chini ya kopo pamoja na zile tatu. Ndani ya kaki ya Kile cha Ngazi nikaandika chini ya majina yao *Mdogo wa Fundi*, bila neno lingine. Kisha nikafungua kabati. Kwenye Kile cha Kiwiko mtu aliandika zamani: *Kwa asiyejua kinachomuuma.* Mwandiko siujui.

Sikukaa kwenye kigoda changu, nilikaa kwenye cha kaka, kwa sababu pale kuna mwanga zaidi. Pembeni ya kiwiko changu ilikuwepo saa ya yule mteja aliyesubiri, imefunikwa na bilauri tangu siku ile, hajawahi kuifuata. Nikaisogeza kidogo nipate pa kuweka kitabu.

Sikulia. Nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Ukurasa wa pili, walimvunja kiwiko.